Muhula wa Tatu Albert Park

Warundi wa Durban walimwapisha mwenyekiti wao juu ya simu ya mkononi. Ni afadhali jambo hili lisemwe mapema, maana likisemwa baadaye mtu atadhani limetiwa chumvi. Lilitokea mchana kweupe, siku ya Jumapili, katika ukumbi wa kanisa pale Albert Park, mbele ya watu wazima wenye akili zao. Mwanamke aliyesababisha iwe hivyo anaitwa Estella Nahimana.

Estella ana miaka thelathini na minne. Siku za kazi hukunja mashuka na kuyafunga kwenye mifuko ya plastiki katika ghala moja la Mobeni, kazi isiyotaka kichwa, ndiyo maana kichwa chake huwa kiko kwingine. Zamani alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari Bujumbura. Alifundisha mwaka mmoja na ushei tu kabla ya kukimbia, lakini wenzake wanamwita Mwalimu hadi leo. Akipita na mfuko wake wa vitunguu, vijana wa saluni humsimamisha na kumuuliza maswali yao: eti ni kweli Amerika nayo iliwahi kuwa koloni? Eti kwa nini rais wa kule huapa kwa mkono juu? Naye husimama akajibu, huku mfuko ukimlemea.

Amerika aliipenda kwa sababu yake mwenyewe, si kwa maghorofa wala kwa filamu. Alipopewa darasa la mapinduzi, wanafunzi walipenda yale ya Ufaransa kwa kuwa kule kuna vichwa vilivyokatwa. Yeye alipenda jambo moja tu katika yale ya Amerika: kwamba yule jemadari Washington, mwenye jeshi lililomtii na nchi nzima inayomshangilia, alitawala mihula miwili, akasema basi, akarudi shambani kwake. Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha. Kisha, kwa kuwa hakupenda kuwadanganya watoto wa watu, aliongeza kwamba shamba lile lilikuwa likilimwa na watumwa, na kwamba mtu anaweza kujua wakati wa kuachia kiti na bado asijue kumwachia huru binadamu mwenzake. Mkuu wa shule alimwita ofisini kwa sababu ya somo hilo. Ya watumwa hayakumsumbua hata kidogo. Kilichomtoa jasho ni ile habari ya kuachia kiti. Ulikuwa mwaka 2015.

Asiyeukumbuka mwaka huo aelezwe kwa ufupi. Rais wa Burundi alikuwa amemaliza mihula miwili, na watu waliamini kwamba katiba inasema mwisho ni miwili. Akataka wa tatu. Hoja ya waliomtetea ilikuwa kwamba muhula wa kwanza hauhesabiki, maana safari ile alichaguliwa na bunge, si na wananchi wenyewe. Mahakama ikaikubali hoja hiyo, na vijana wa mitaa ya Bujumbura wakaingia barabarani. Miongoni mwao alikuwamo Eddy, kaka yake Estella, fundi redio wa miaka ishirini na sita, bega kwa bega na rafiki yake wa tangu utotoni, Léonard, aliyekuwa akisomea sheria chuo kikuu. Waliziba njia za Nyakabiga kwa mawe na matairi. Asubuhi moja Eddy alipigwa risasi ya shingo, na hadi leo hakuna aliyewahi kuulizwa ilitoka wapi. Léonard ndiye aliyembeba mgongoni hadi mlangoni kwa mama yake. Walimzika Mpanda, kwenye makaburi ya nje ya Bujumbura, na kabla majani hayajaota juu ya kaburi, Estella na mama yake walikuwa wameshavuka mpaka.

Léonard alifika Durban baada yao, na ndiye aliyeanzisha chama cha kuzikana. Tusimnyime haki yake: alikianzisha kwa uchungu wa kweli. Mrundi mmoja alikuwa amefia hapa mjini, mwili ukakosa mwenyewe, ukazikwa kama mzigo usiodaiwa. Léonard alilia kama mtoto, kisha akapita ghorofa hadi ghorofa, mlango kwa mlango, akiwaambia watu kwamba aliyekimbia akiwa hai angalau arudishwe kwao akiwa amekufa. Chama hicho kimewarudisha wengi. Mtu akifariki leo, kesho Léonard yuko mochwari na makaratasi yake, na familia inalia bila kuhangaika.

Chama kikataka katiba. Walikutana sebuleni kwa Barthélemy, mwenye duka la simu, mtu wa maneno mengi aliyekuja kuwa makamu mwenyekiti.

"Tuchukue ya Amerika," alisema Léonard. "Mwalimu anaijua. Mandat mbili, mtu anaenda kwake. Kama ingekuwa hivyo kwetu, Eddy angekuwa hapa sasa, anatengeneza radio."

Estella aliandika akifuta machozi. Nao, kwa kuipenda Amerika ya kwenye madaftari ya Mwalimu, waliichukua nzima nzima bila kuipima kama inawatosha. "Sisi Warundi wa Durban," ndivyo ilivyoanza. Mihula miwili ya miaka minne. Kiapo cha mkono wa kulia juu, wa kushoto kwenye Bibilia. Jaji mmoja wa kuapisha viongozi, atakayekaa maisha yake yote kama majaji wakuu wa kule. Wakamchagua Estella papo hapo, na Bibilia ikawa ile ya Kirundi ya mama yake. Hata Seneti waliiweka, maseneta wawili kwa kila mkoa wa nyumbani, uwe mkubwa uwe mdogo. Tatizo ni kwamba mkoa wa Cankuzo ulikuwa na mtu mmoja tu Durban nzima, fundi viatu anayeitwa Boniface. Hakuna aliyethubutu kuipunguzia Amerika seneta. Basi Boniface akawa maseneta wawili peke yake, akawa anapiga kura kwa kunyanyua mikono yote miwili, na kwa miaka minane watu walimwangalia bila kucheka.

Léonard aliapishwa kuwa mwenyekiti, Président kama wanavyomwita, 2017, akaapishwa tena 2021. Mara zote mbili ni Estella aliyeshika Bibilia. Mara zote mbili Léonard alihutubia akamtaja Washington, akasema mbele ya watu kwamba siku yake ikifika ataondoka kwa miguu yake mwenyewe. Watu walipiga vigelegele hadi majirani wakagonga ukuta.

Siku yake ikafika. Habari Estella aliletewa na Gracieuse, jirani wa ghorofa moja naye, msusi, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni.

"Mwalimu, umesikia? Président anataka kuendelea."

"Kuendelea na nini?"

"Na kiti, Mwalimu. Wanasema ile mandat ya kwanza haihesabiki. Haikuwa uchaguzi, tulipiga mikono tu mu nyumba ya Barthélemy. Eti ya kwanza ya kweli ni ile ya 2021."

Estella alicheka. Alidhani Gracieuse anamtania, maana ni utani wa aina ambayo Warundi hutaniana wakishashiba. Alipoona mwenzake hacheki, aliacha kucheka. Hoja ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Ile iliyowatoa makwao. Ile ambayo Eddy alikufa akiipinga, sasa imevuka mipaka yote bila pasi na kuja kutulia Albert Park, katika chama cha kubeba maiti! Mtu awanie urais wa tatu wa nchi, angalau kuna jeshi na ikulu. Huyu alikuwa akigombea masufuria na turubai la misiba.

Alipiga simu kwa Léonard, haikupokelewa. Akaitisha Seneti, maana katiba ilimpa haki hiyo. Wakakaa nyuma ya duka la Barthélemy, kati ya maboksi ya chaja, na Estella akasimama kueleza kama darasani: katiba inasema mihula, haisemi imepatikanaje, na aliyeapa ameapa. Akawakumbusha Washington. Hapo Barthélemy akaruka kama aliyekuwa akimngojea.

"Mwalimu, usitufiche. Hata huko Amerika iko mmoja alichaguliwa mara nne! Nimesoma mu simu."

"Ni kweli," alisema Estella. "Wakati wa vita. Akafia kwenye ule wa nne, na baada yake wakaandika mu katiba kwamba mwisho ni mara mbili. Walijifunza."

"Walijifunza wapi? Leo hii hata huko iko watu wanavaa kofia za mandat ya tatu. Hizi hapa, angalia mwenyewe."

Akamsogezea kioo cha simu. Kofia zilikuwapo, nyekundu, na watu wazima wamezivaa wakichekelea. Estella aliziangalia na kuhisi aibu, kama vile ni yeye aliyezishona. Kwa miaka kumi alikuwa akiibeba nchi ya watu mabegani kama mfano, na siku anapouhitaji mfano huo, wenyewe wanaufanyia masihara.

"Tena nawe Mwalimu," Barthélemy akamalizia, "unasema watu watoke, na wewe mwenyewe uko jaji wa maisha. Eish!"

Maseneta wakacheka. Kilichomuuma Estella ni kwamba Barthélemy alikuwa na haki ya kusema hivyo. Aliahidi pale pale kwamba ataacha, mtu mwingine achaguliwe. Lakini nani anayesikiliza mtu akianza kujitetea? Kura zikapigwa. Zilikuwa zinakaribiana sana, waliokataa wakiwa mbele kwa moja, hadi ilipofika zamu ya Cankuzo. Boniface aliinamisha kichwa, akanyanyua mikono yake yote miwili.

"Boniface," Estella alimwita walipokuwa wakitoka. "Hata wewe?"

"Président alinizikia mke wangu, Mwalimu. Alimupeleka mpaka Cankuzo, mpaka mu shamba ya baba yangu. Mimi nitamukatalia na mdomo gani?"

Hakuwa mtu mbaya, Boniface. Na hilo ndilo lililozidi kumchoma Estella roho: hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na maiti wake aliyebebwa na Léonard. Wema wote aliowatendea, sasa alikuwa akiukusanya, na wao waliona ni halali yake.

Siku chache baadaye Léonard mwenyewe alifika nyumbani. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya sita, maana lifti ya jengo lile haijawahi kukaa nzima mwezi, akaingia akihema na mkate na chupa ya juisi mkononi. Hakuja kwa Estella. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akavuta kiti, akamshika mkono.

Mama huyo watu humwita Mama Eddy. Jina la mtoto wa kwanza halimtoki mama hata mtoto akifa, na hakuna aliyewahi kujaribu kumwita vinginevyo. Moyo wake umechoka. Akitembea kutoka kitandani hadi dirishani hupumzika katikati. Miezi ile hata zahanati alikuwa ameogopa kwenda, kwa kuwa getini walikuwa wakisimama watu na mabango ya kuwakataa wageni, wakiwauliza wagonjwa vitambulisho, na yeye, mwanamke aliyelea watoto wa mtaa mzima, aliambiwa akafie kwao. Alirudi nyumbani hakulia. Alisema neno moja tu: kwamba ndivyo atakavyofanya. Akifa apelekwe Mpanda, alazwe kando ya Eddy, mahali ambapo hakuna wa kumuuliza karatasi. Tangu siku hiyo hakuna kitu kingine alichokitaka duniani. Estella alimwahidi, na alipomwahidi alikuwa akitegemea chama.

"Mama, usiwe na wasiwasi," Léonard alimwambia. "Siku ile Mungu atapenda, mimi mwenyewe nitakupeleka. Kama vile nilimubeba Eddy."

Mama Eddy alimbariki. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamuombea maisha marefu. Estella alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, na ilibidi ageuke akoroge kitu kisichohitaji kukorogwa. Hakuwa amemwambia mama habari za muhula wa tatu. Moyo ule usingezihimili.

Alimsindikiza mgeni hadi kwenye ngazi.

"Léonard, unaniangalia machoni?"

"Nakuangalia, dada."

"Unajua unachofanya?"

Léonard alishusha pumzi. Alikuwa amenenepa kidogo, amepata mvi za pembeni, na sauti yake ilikuwa ya upole kama daktari anayetoa habari mbaya.

"Nikitoka mimi, nani atafanya hii kazi? Barthélemy? Atauza hadi majeneza. Watu wananihitaji, Estella. Sikuwaomba, ni wao waliniomba." Akashuka ngazi moja, akageuka. "Jumapili utashika Bibilia. Mimi sipendi kusema hii, lakini unajua statut, ile katiba yetu: mwenye kukataa kiapo cha chama amejitoa, yeye na watu wake. Sikuandika mimi. Ni wewe uliandika."

Kweli aliiandika. Aliiandika kwa ajili ya kiongozi atakayekataa kuapa, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba atakayekataa ni jaji. Léonard alishuka ngazi polepole, akimsalimu kila aliyepishana naye, na kila aliyepishana naye alimwita Président.

Estella hakulala vizuri siku zile. Kule ghalani alikunja mashuka vibaya hadi msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Alikuwa akijadiliana na nafsi yake, na nafsi ilikuwa na hoja nzuri. Ni kiapo tu, ilimwambia. Shika kitabu, sema maneno, teremsha mkono. Mama apate kaburi lake. Eddy amekwisha kufa, hatafufuka kwa sababu wewe umekataa kushika Bibilia Albert Park. Alikwenda mkutanoni akiwa amekubali. Hilo lisifichwe: alivaa gauni lake la kitenge, akachukua Bibilia ya mama, akamwambia anakwenda kwenye sherehe ya chama, na moyoni alikuwa amekwisha kubali.

Ukumbi ulijaa. Mkutano ulifunguliwa kama siku zote, kwa kuwataja waliokufa mwaka ule wa 2015. Ni desturi aliyoianzisha Léonard, naye ndiye huwataja, kwa kichwa, bila karatasi. Watu husimama. Alitaja jina baada ya jina, na alipofika kwa Eddy sauti ilimkatika kama inavyomkatika kila mara. Na haikuwa geresha! Laiti ingekuwa geresha, Estella angevumilia. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mtu yule alimlilia Eddy kwa dhati, akafuta uso kwa leso, akaikunja leso vizuri, kisha akaketi kungojea wamwombe muhula wa tatu.

Wakamwomba. Barthélemy alisimama akasema Seneti imeshatoa maana ya katiba, hakuna mgombea mwingine aliyejitokeza, basi tusipoteze muda wa watu wenye njaa, tupige makofi. Makofi yakapigwa. Kutoka nyuma, kwenye meza za wali na sambusa, ilisikika sauti ya Gracieuse ikisema, "Mimi sijapiga," lakini wali ulikuwa unanukia na watu walikuwa wanamwangalia Mwalimu.

Estella alitembea mbele. Léonard akasimama, akaweka mkono wa kushoto juu ya Bibilia, akanyanyua wa kulia.

Maneno ya kiapo Estella alikuwa anayajua, aliyatunga mwenyewe. Alifungua mdomo kuyasema, likatoka jambo jingine.

"Léonard, asubuhi ile Eddy alianguka, mlikuwa mnasema nini?"

"Estella..." Mkono wake ulikuwa bado juu.

"Mulikuwa njiani, mawe mbele yenu. Watu wote wa Nyakabiga waliwasikia, hata mimi niliwasikia nikiwa ndani ya nyumba. Mlikuwa mnaimba neno moja. Liseme hapa mbele ya watu, kabla sijakuapisha."

Watu waliokuwa na simu wakazishusha. Kila mtu mle ndani alilijua neno lile la kuukataa muhula wa tatu. Wengi wao walikuwa wameliimba wenyewe, wengine kwa sauti ya kupasua koo, na waliokuwa watoto wakati ule walikuwa wamelisikia wakiwa wamelala chini ya vitanda.

"Dada, tusichanganye mambo," alisema Léonard taratibu. "Ile ilikuwa nchi. Hii ni chama."

"Sema tu neno."

"Tulikuwa vijana, Estella."

"Eddy bado ni kijana," alisema. "Mimi mdogo wake nimeshamupita umri. Nyinyi wote mumeota mvi, mumezaa, mumepata vyeo. Yeye yuko pale pale, na miaka yake ishirini na sita, na lile neno mdomoni. Unamutaja kila mkutano. Unamulilia. Halafu unakaa kwenye ile kiti ambayo yeye alikufa akisema mtu asikae!"

Alikuwa anapiga kelele sasa, na hakujali. Aliivuta Bibilia kutoka chini ya kiganja cha Léonard, akaikumbatia kifuani.

"Mimi sikuapishi. Nilikuapisha mara mbili, na mara mbili ni mbili, hata kama mlipiga mikono, hata kama mlipiga miguu. Na jina la kaka yangu usilitaje tena. Tafuta maiti mwingine."

Kwa muda kidogo ilionekana kama Léonard atauteremsha mkono. Aliuangalia, kweli, kama mtu asiyejua umefikaje juu. Gracieuse huapa hadi leo kwamba aliona midomo yake ikicheza. Lakini Barthélemy si mtu wa kuacha shughuli iharibike na chakula kinapoa. Alichomoa simu mfukoni, akafungua Bibilia ya humo, akaiweka kwenye kiganja chake mwenyewe na kumwambia Président aweke mkono, Neno la Mungu ni lile lile. Akasoma kiapo. Katikati ya "naahidi kuilinda katiba" kioo kilizima, ikabidi Léonard aondoe mkono, Barthélemy aweke namba ya siri, waanze tena. Kuna watu walicheka kwa pua. Hakuna aliyetoka ukumbini. Makofi yalipigwa, machache kuliko ya kwanza, na Barthélemy akatangaza, akimwangalia Estella, kwamba aliyekataa kiapo amejitoa mwenyewe, yeye na watu wake, kwa mujibu wa statut.

Boniface peke yake ndiye aliyemfuata hadi mlangoni.

"Mwalimu, na Mama Eddy je? Atazikwa wapi?"

Estella alimpita akatoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani hasira ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo na mahali pake pakijaa woga. Kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa Durban, alisimama katikati ya njia wakati magari yana kijani, yakampigia honi. Alimhasiri mama yake. Alipata raha ya kusema kweli mbele za watu, na atakayeilipia ni mwanamke mgonjwa ambaye hakuombwa hata ushauri. Alipanda ghorofa sita akitunga namna ya kulisema, na alipofika mlangoni hakuwa ametunga kitu.

Mama Eddy alikuwa dirishani, sinia la maharage mapajani, akiyachambua.

"Umerudi mbio. Sherehe imeisha?"

"Mama, sikumwapisha Léonard."

"Kwa nini? Anaumwa?"

Basi akamweleza yote, amesimama, Bibilia ikiwa bado kifuani. Mandat ya ngapi, mama aliuliza. Ya tatu. Aliuliza tena, kana kwamba masikio ndiyo yenye kosa: Léonard? Léonard wetu? Estella akaendelea hadi mwisho, hadi kwenye kutolewa kwenye chama.

"Hawatakupeleka Mpanda, Mama. Na mimi peke yangu sitaweza. Nisamehe."

Mama Eddy aliacha kuchambua. Kisha uso wake ukaanza kubadilika, na Estella akasogea haraka kumshika, akidhani ni moyo.

"Alikaa hapa," alisema mama, akikionyesha kile kiti kwa kidevu. "Kwa ile kiti. Nikamushika mashavu. Nikamuombea maisha!" Haikuwa ugonjwa, ilikuwa hasira. "Ile mkate yake iko wapi? Itupe."

"Tulishakula, Mama."

"Mungu wangu, tulikula." Alisukuma sinia, maharage yakatapakaa sakafuni. Alipumua mara kadhaa, mkono kifuani, hadi pumzi ikakaa sawa. "Sikiliza, weye mtoto. Mimi utanizika hapa hapa Durban. Popote watakupa nafasi."

"Mama, wewe ulitaka kulala karibu ya Eddy. Iko kitu kimoja tu ulitaka. Nitakwenda kwa Léonard, nitapiga magoti..."

"Nyamaza!" alisema Mama Eddy. "Nikifika pale kando ya Eddy, akiniuliza ni nani amenileta, nitamujibu nini?"